Arvel Ledbetter, Mkaguzi Aliyemvua Ubingwa Binti wa Ndugu Yake

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Kahawa yangu imeshapoa hapa mezani, na leo mtanivumilia nikienda polepole. Leo tunamkumbuka Arvel Ledbetter. Kwa aliyewasha redio sasa hivi, narudia: tunamkumbuka Arvel Ledbetter, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa magari katika uwanja wetu wa mbio wa Laurel Gap kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka themanini na tatu.

Mkewe, Bi Nedra, aliniambia hivi kwenye simu: "Garnet, alimaliza mayai yake, akasema mchuzi wa soseji umezidi chumvi, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Nilipomfuata na kikombe chake, alikuwa ameshaondoka. Hata sikupata nafasi ya kumwambia apike mwenyewe."

Alicheka aliposema hivyo. 

Wasikilizaji wapendwa, najua wengi wenu mnamjua Arvel kwa jambo moja tu. Mnamjua kwa Jumamosi moja ya Septemba, mwaka 1986. Siku ile alimvua ubingwa Tressa Ledbetter, binti wa mdogo wake. Wiki hii nimepokea barua za kutosha kuhusu siku hiyo. Wengine mnasema alitenda haki. Wengine mnasema alikuwa na moyo wa jiwe. Barua moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu mwanzo hadi mwisho, na aliyeiandika hakutaka kutaja jina lake, ingawa mwandiko wako naujua, bwana.

Basi nitawasimulia nilivyoona mimi. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikitangaza mbio siku hiyo.

Lakini tuanze nyuma kidogo. Arvel alianza kazi katika kiwanda cha nguo, pale chini mtoni, akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma. Mle ndani kulikuwa na makelele ya kumfanya mtu asisikie jina lake, lakini Arvel aliweza kusimama mlangoni akasema, "Ule wa nne kutoka dirishani, bolti imelegea." Na kweli, ukienda ukaangalia, imelegea. Alikuwa na masikio ya ajabu.

Jumamosi alikuwa dereva wa mbio. Na hapa lazima niseme jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha. Mwaka 1969 Arvel alishinda mbio kwa udanganyifu. Alifunga springi ambazo ziliinua gari wakati wa kupimwa, kisha likalala chini kuliko sheria inavyoruhusu, lishike kona vizuri, mara tu mbio zilipoanza. Hakukosea kipimo. Alikusudia. Wakaguzi waligundua. Wakampa onyo, wakampigapiga begani, wakamwambia, "Ledbetter, wewe mjanja." Ushindi wakamwachia.

Aliyeshika nafasi ya pili siku hiyo alikuwa Lonnie Greer. Lonnie hakuwahi kushinda mbio hata moja maishani mwake. Baada ya siku ile aliuza gari lake, hakurudi tena uwanjani.

Miaka mitano baadaye Arvel alikwenda nyumbani kwa Lonnie. Alimkuta kibarazani akimenya viazi. Arvel mwenyewe alinisimulia. Alisema, "Lonnie, ile mbio ilikuwa yako. Zile springi hazikuwa halali."

Lonnie hakuinua kichwa. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Kila mtu alijua. Ndiyo maana niliacha."

Kisha akaendelea kumenya viazi.

Mwaka uliofuata, 1975, Arvel aliacha kuendesha akaomba kazi ya ukaguzi. Aliandika upya kitabu cha sheria cha Laurel Gap, ukurasa kwa ukurasa, pale kwenye meza ya jikoni ya Bi Nedra. Adhabu ya kuvunja sheria kwa makusudi haikuwa onyo tena. Ilikuwa hivi: gari linapoteza ushindi, pointi zote za msimu zinafutwa, na fundi na dereva wote wawili wanafungiwa wasishiriki mbio mwaka mmoja. Nasema tena, kwa sababu ndiyo kiini cha habari hii. Wote wawili. Fundi na dereva.

Sasa tuje kwenye ile Jumamosi ya mwaka 1986.

Ilikuwa mbio ya mwisho ya msimu, alasiri, jua limetulia juu ya milima. Tressa alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake, Hoyt, mdogo wake Arvel, ndiye aliyeunda gari lake. Mpinzani wao alikuwa Doyle Penland, mfanyakazi wa machimbo, miaka arobaini na saba, gari lake limeungwaungwa kwa vyuma vya kuokota. Tressa alimzidi Doyle pointi nne. Atakayemtangulia mwenzake ndiye bingwa.

Mizunguko ishirini ya mwisho nilitangaza nimesimama. Kila kona Doyle alijaribu kupita kwa ndani, na kila kona gari la Tressa liliganda kwenye lami kama limegundishwa. Alishinda kwa urefu wa magari mawili. Nikapaza sauti mpaka ikakatika: bingwa wa Laurel Gap, mwanamke wa kwanza, Tressa Ledbetter! Wazee walirusha kofia juu. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi, siwezi kukataa.

Nikateremka kwenda kumhoji bingwa. Magari matatu ya kwanza yalikuwa yameshaingizwa kwenye banda la ukaguzi. Ndiyo maana nilishuhudia yote.

Arvel alipandisha gari la Tressa kwenye mizani. Uzito sawa. Akafuata kizimba, yale mabomba ya chuma yanayomzunguka dereva ndani ili gari likigonga ukuta asisagike. Kila mwaka alitoboa tundu dogo kwa drili kwenye bomba la kando ya mlango wa kushoto, akapima unene wa chuma. Akatoboa. Akapima. Unene sawa. Hoyt alikuwa amesimama pembeni, anafuta mikono kwa kitambaa, anatabasamu.

Arvel akachukua spana. Akaanza kugonga bomba, taratibu, kutoka kwenye lile tundu kwenda juu. Ngo. Ngo. Ngo. Kisha likalia: nge.

Alisimama. Akagonga tena palepale.

"Hoyt," akasema. "Hapa umechomelea."

"Nilikuwa naziba ufa, kaka."

"Ufa gani huo unapakwa rangi mara tatu?"

"Toboa pale unapotoboaga siku zote. Umeshatoboa. Tuachie gari letu twende zetu."

"Kitabu hakisemi nitoboe wapi, Hoyt. Ni mazoea yangu tu."

Akatoboa juu zaidi. Akapima. Akapima mara ya pili, kisha akanipa kile kipimo nikisome mimi. Chuma kilikuwa nusu ya unene unaotakiwa.

Mmenielewa, wasikilizaji wapendwa? Hoyt alipunguza unene wa chuma kwenye sehemu yote ya juu ya kizimba. Uzito aliopunguza aliurudisha chini kabisa, upande wa kushoto, kwa vipande vya risasi, ile metali nzito, ndiyo maana mizani haikuona kitu na ndiyo maana gari liliganda kwenye kona. Halafu akachomelea kipande kimoja kinene, urefu wa kiganja, palepale ambapo kaka yake hutoboa kila mwaka. Hapo hamna bahati mbaya. Hapo hamna kukosea kipimo.

Arvel alisema kwa sauti ya chini sana, "Hiki ni kizimba cha kichwa cha mwanao."

"Hajawahi kugusa ukuta!" Hoyt akajibu. "Miaka mitano, hata mkwaruzo. Unamjua anavyoendesha. Ukuta wa nini?"

Mwenye uwanja alikuwa ameingia wakati huo. Akamvuta Arvel kando. "Watu elfu tatu wako nje wanaliita jina la huyu binti," akamwambia. "Toa onyo. Mwakani atengeneze kizimba kingine. Nani ataumia?"

"Mimi mwaka 1969 walinipa onyo," Arvel akasema. "Nenda kamuulize Lonnie Greer nani aliumia."

Ndipo Tressa akaingia. Ovaroli imelowa jasho, kombe kwapani, nywele zimemganda usoni. "Baba mkubwa, mbona mmenuna hivyo?" akasema. "Au mmegundua leo ni zamu yenu kununua vinywaji?"

Hakuna aliyecheka. Arvel akamweleza. Akamwonyesha tundu la kwanza na tundu la pili. Tressa akamtazama baba yake. Hoyt akatazama sakafu.

"Mimi nilijua?" Tressa akauliza.

"Hukujua," Arvel akasema.

"Unaamini sikujua?"

"Naamini, mwanangu."

"Basi mimi nimekosa nini?"

 Arvel akasema, "Hukukosa. Lakini Doyle amekimbia mwaka mzima na gari halali. Siwezi kwenda kumwambia ameshindwa."

"Sawa. Hilo ni kombe. Mpe Doyle kombe. Na huu mwaka mmoja wa kunifungia?"

"Kitabu kinasema fundi na dereva."

"Sikiulizi kitabu. Nakuuliza wewe."

Wasikilizaji wapendwa, Arvel akainama akakusanya spana na drili yake.  Tressa akaliweka kombe juu ya mizani, akatoka nje. Wala hakuubamiza mlango.

Mimi ndiye niliyepanda tena kule juu kutangaza. Nilirushiwa vikombe vya barafu. Vingine viligonga kioo cha chumba cha mtangazaji. Nilisoma karatasi aliyoniandikia Arvel, maneno ishirini na machache tu, na Doyle Penland akatangazwa bingwa. Doyle hakuzunguka uwanja kushangilia. Alikaa nyuma ya lori lake na kofia ya mbio mapajani. Lakini kombe alilichukua. Binti yake ananiambia lilikaa juu ya jokofu mpaka alipofariki, na kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani alilipangusa vumbi.

Jumatatu yake nilimfuata Arvel gerejini kwake. Nilimwambia wazi: "Umemwonea yule mtoto."

Hakukasirika. Alisema, "Kwa Doyle nilikuwa sawa. Kwa Hoyt nilikuwa sawa. Kwa Tressa, sijui. Sheria ile niliiandika mimi mwenyewe, Garnet, na nilipoiandika nilikuwa nafikiria watu kama mimi. Sikumfikiria mtu kama yeye."

"Basi ibadilishe."

"Nitaibadilisha. Lakini adhabu yake siigusi. Nikiigusa, kila mtu hapa atasema kitabu ni cha wengine, siyo cha akina Ledbetter."

Januari iliyofuata alisimama kwenye mkutano wa madereva na mafundi, katika ukumbi wa zimamoto. Alipendekeza hivi: gari lililovunja sheria lipoteze ushindi daima, hata kama dereva hakujua, kwa sababu kuna mtu wa pili anayedhulumiwa. Lakini kufungiwa kumwangukie yule aliyekusudia, baada ya kusikilizwa. Na aliyekosea kipimo bila nia mbaya asitendewe kama mdanganyifu.

Walimpigia kelele. Mtu mmoja kutoka viti vya nyuma alisema, "Umeshamfungia mtoto wa watu, sasa ndiyo unakumbuka huruma!" Mwingine akasema kila dereva atajifanya hajui kitu. Akashindwa kwa kura. Mwaka 1988 akarudi, akashindwa tena. Mwaka 1989 mikono kumi na tisa iliinuka kumuunga mkono, kumi na minne kumpinga. Sheria ikapita. Mwaka wa Tressa wa kufungiwa ulikuwa umeisha kitambo. Sheria ile haikumsaidia yeye hata kidogo.

Na nyumbani je? Nyumbani Hoyt aliacha kuzungumza na kaka yake. Kabisa. Kanisani alihamia viti vya upande wa pili. Mama yao, Bibi Ola, alikuwa bado hai, na kila Sikukuu ya Shukrani, ile ya Novemba ambayo ukoo mzima hula pamoja, alipika mara mbili. Arvel na watu wake walikula saa sita. Hoyt na watu wake walikula saa kumi. Bata mzinga wawili, sufuria mbili za maharage, mikate miwili ya mahindi. Mwaka baada ya mwaka. Bi Nedra anasema, "Tulikuwa tunapishana na gari lao njiani. Watoto wanapungiana mikono, wanaume wanatazama mbele kama wamemeza fimbo."

Tressa naye alikuwa na safari yake. Nilizungumza naye juzi. Ana miaka zaidi ya sitini sasa, ana gereji yake mwenyewe. Alisema hivi: "Mwaka wote ule nilimchukia baba mkubwa. Baba sikumchukia. Nilijiambia alifanya kwa ajili yangu. Halafu siku moja nikachukua msumeno wa chuma nikakata lile bomba la juu ya kichwa changu. Nilitaka tu kuona. Lilikatika upesi sana, Garnet. Nilibana kipande kwa mikono, kikabonyea. Nikakipeleka ndani nikakiweka mezani mbele ya baba, pembeni ya sahani yake. Nikamwambia, 'Hiki ndicho ulichonipa.' Alilia. Sikuwahi kumwona akilia."

Alirudi uwanjani masika ya mwaka 1988 na gari aliloliunda kwa mikono yake. Siku ya kwanza kwenye banda la ukaguzi alimchukulia Arvel drili mkononi mwa msaidizi, akampa mwenyewe. "Toboa popote unapotaka, baba mkubwa," akamwambia. Arvel alitoboa matundu manne. Tressa aliyahesabu kwa sauti.

Alikimbia misimu tisa zaidi. Alishinda mbio kumi na nne. Ubingwa hakuupata tena. Mara mbili alimaliza wa pili.

Nilimuuliza kama amemsamehe. Alisema, "Ule mwaka alinionea, na mwenyewe alikuja kuniambia hivyo, mlangoni kwangu, kofia mkononi. Ushindi hakunionea. Mambo hayo ni mawili, na watu wanayachanganya."

Mwaka 1997 Bibi Ola alitimiza miaka themanini na minane. Novemba akawapigia simu wanawe wa kiume wote wawili. "Mwaka huu napika mara moja," aliwaambia. "Miguu inaniuma. Chakula ni saa nane. Atakayekuja, aje." Akakata.

Wote wawili walikuja. Waliketi pande mbili za meza. Sala ikasomwa. Sahani zikazunguka. Bi Nedra anasema hakuna aliyethubutu kutafuna kwa sauti. Mwishowe Hoyt akamwambia mpwawe, mtoto wa dada yao, "Mwambie kaka yangu anipe viazi."

Bibi Ola akapiga meza kwa kijiko. "Masikio unayaona hayo kichwani kwake? Mwambie mwenyewe!"

"Kaka," Hoyt akasema, "naomba viazi."

Arvel akampa viazi. Ilikuwa miaka kumi na mmoja tangu ile Jumamosi. Kuanzia siku hiyo, kila Alhamisi asubuhi walikunywa kahawa pamoja, na kwa kadiri ninavyojua hawakukubaliana juu ya jambo lolote la magari hadi mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, juzi nilikwenda kumuaga Arvel pale mwili wake ulipolazwa, kabla ya maziko. Foleni ilitoka nje hadi barabarani. Madereva aliowavua ushindi walikuwepo. Mmoja nilimhesabia kuvuliwa mara tatu, na alikuwa na tai shingoni, jambo ambalo sijawahi kuliona. Hoyt alikuwa kwenye kiti karibu na jeneza. Ana miaka themanini, kifua kinamsumbua. Niliinama kumpa pole. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Garnet," alisema, "wewe huwa unauliza watu kwenye redio yako kama ile adhabu ilikuwa ya haki. Hujawahi kuniuliza mimi."

"Nakuuliza sasa, mzee."

"Kaka yangu alinifungia mwaka mmoja," akasema, "kwa kosa nililolifanya kweli. Mimi nikamfungia yeye kumi na mmoja, kwa kulisema."

Ndipo akaniachia mkono. 

Kwa Bi Nedra, kwa Hoyt, kwa Tressa, na kwa ukoo wote wa Ledbetter: kituo hiki kinawapa pole. Tuliobaki hapa tumepoteza mtu aliyetukera mara nyingi, na tulimwamini kila mara. Maziko ni kesho saa nane mchana, kanisa la Wabaptisti la Laurel Gap. Familia imeomba msilete maua. Tressa atakuwa mbele kushoto kati ya wabeba jeneza.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa jikoni, au ndani ya gari umeegesha mbele ya kanisa, nina ombi. Kabla hujasema adhabu fulani ni kali, au ni nyepesi, mtafute kwanza aliyeshika nafasi ya pili, umsikilize. Halafu jitazame mwenyewe. Adhabu ya kitabu imeandikwa siku ya kuanza na siku ya kuisha. Zile tunazopeana majumbani hatuziandiki popote, ndiyo maana haziishi.

Kama yupo mtu uliyemfungia, unamjua. Sasa nitanyamaza kwa dakika moja. Sitaweka muziki. Mpigie.